Namna ya Kumaliza Ugomvi na Ndugu wa Imani na Kuachilia Kinyongo

Ugomvi mwingi unaozigawa familia za Kikristo hautokani na tofauti za mafundisho. Unatokana na mpaka wa shamba, mkopo wa kikundi uliochelewa kurejeshwa, michango ya harusi ambayo hesabu yake haikusomwa, au neno lililotamkwa msibani mbele ya wakwe. Wahusika husali kanisa moja kila Jumapili, pengine huimba kwaya moja, na huenda wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ilhali hawajajuliana hali tangu mwaka juzi. Si kwamba hawayajui Maandiko, kwa maana wengi wao wameyahifadhi moyoni tangu utotoni. Shida ni kwamba utaratibu wa kupatana uliomo katika Injili wanaufuata kinyumenyume, wakianza na hatua ambayo Bwana Yesu aliiweka mwisho.

Utaratibu wenyewe umo katika Mathayo 18:15-17, nao una hatua tatu: kwanza aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa peke yao, asiposikilizwa, arudi akiwa na mtu mmoja au wawili, na hilo likishindikana, jambo lipelekwe kwa kanisa. Katika maisha yetu ya kila siku, jambo huanzia kwa jirani, likapita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, likaibuka katika sala za jumuiya kwa jina la "tumwombee ndugu yetu fulani", likamfikia mchungaji, na ndipo, miezi kadhaa baadaye, likamfikia mwenyewe aliyekosa, ambaye kwa wakati huo ameshasikia matoleo matano ya habari zake na hana tena nia ya kusikiliza la sita. Sijapata kuona ugomvi uliolainishwa na njia hiyo.

Ili maelezo yasibaki ya jumla, tutachukua mfano mmoja wa kutunga ambao yeyote aliyekulia Marangu, Rombo au Machame ataufahamu mara moja. Ndugu wawili wa tumbo moja wameachiwa na baba yao kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba. Mkubwa anaishi hapo hapo, mdogo anafanya kazi mjini. Mdogo anaporudi likizo ya Desemba anakuta masale, ile mimea ya kutenga mashamba, yaliyokuwa mpaka yameng'olewa na kupandwa upya hatua tatu ndani ya upande wake, na migomba minne aliyoipanda marehemu mama yao sasa inavunwa na kaka yake. Wote wawili ni Wakristo, na mkubwa ni mzee wa kanisa.

Kwanza lipime jambo lenyewe

Si kila kosa linahitaji kikao. Methali 19:11 inamsifu mtu anayelisamehe kosa kwa kulipita tu, na ni hekima kujua ni makosa gani ya kupita. Mtu aliyesahau kukualika, aliyekujibu kwa mkato siku aliyokuwa amechoka, au aliyekosea kulitaja jina lako kanisani, huhitaji kumwandalia kikao. Kipimo kinachofaa ni mwenendo wako mwenyewe baada ya siku kadhaa: ukiona unabadilisha njia ili usikutane naye, au kisa hicho umekwisha kumsimulia mtu mwingine zaidi ya mara moja, basi hujalipita, umelificha tu, na linaendelea kukua mahali ulipolificha. Mambo ya Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni na, katika aya hiyo hiyo, inaagiza akemewe. Kunyamaza huku moyo umejaa chuki, kwa mujibu wa Torati, hakuhesabiwi kuwa upole.

Kabla ya kwenda kokote, chukua karatasi na uandike mambo mawili kwa kuyatenganisha: kilichotendeka, na maana uliyoipa. Mdogo katika mfano wetu ataandika upande mmoja kwamba masale yamesogezwa hatua tatu na migomba minne imechukuliwa. Upande wa pili ataandika, kama ni mkweli, kwamba anaona kaka yake anamdharau kwa kuwa hajajenga nyumbani, au kwamba anamhesabu kama mtu aliyekwisha kuhama ukoo. Jambo la kwanza linaweza kupimwa kwa futi kamba. La pili haliwezi kupimwa, linaweza kuulizwa tu, na mara nyingi ndilo linalouma zaidi. Watu wanaokwenda kugombea hatua tatu za udongo huku wanachokitaka ni heshima hurudi na udongo wao wakiwa bado na hasira ile ile, wakashangaa kwa nini.

Hapo pia ndipo mahali pa kuitafuta boriti iliyo katika jicho lako. Fungu hilo la Mathayo 7 limezoeleka kutumiwa kumnyamazisha anayelalamika, kana kwamba mwenye boriti hana haki ya kusema neno. Lisome hadi mwisho: baada ya kuitoa boriti, utaona vema na kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi bado kinatakiwa kitolewe. Mdogo ajiulize, kwa mfano, ni mara ngapi ametuma fedha za kutunza kaburi la wazazi, na kama aliwahi kumshukuru kaka yake kwa kuuguza baba.

Enenda peke yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Sababu yake si ngumu kuiona: mbele ya watu mtu hulinda uso wake, lakini mkiwa wawili hana hadhira ya kuiridhisha, na anaweza kukiri neno bila kuaibika. Mzee wa kanisa aliyesogeza mpaka hawezi kusema "nilikosea" mbele ya baraza la wazee wenzake. Akiwa peke yake na mdogo wake, chini ya mgomba wa mama yao, inawezekana.

Kwenda ni kwenda kwa miguu au kwa gari, si kutuma ujumbe. Maandishi ya simu hayana sauti wala uso, na ujumbe wa sauti una ubaya wa ziada kwamba unaweza kusambazwa kwa watu ishirini kabla hujafika nyumbani. Kama mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Houston, basi apigiwe simu ya kuonana nyuso, kwa miadi, na asiwepo mtu mwingine chumbani anayesikiliza kwa siri. Chagua wakati ambao hakuna njaa, pombe, wageni wala haraka. Msibani hapafai, ijapokuwa ndipo ndugu wote hukutana, kwa sababu machozi ya marehemu huchanganyika na ya mpaka, na maneno yanayosemwa usiku wa matanga huwa hayasahauliki. Baada ya ibada, kanisani, napo hapafai kwa sababu watu wanatazama.

Ukifika, salimia kama kawaida. Mdogo aanze na shikamoo, na aisubiri marahaba, hata kama ndiye aliyedhulumiwa. Mpaka ukisogezwa, umri haubadiliki, na ndugu anayeanza kwa kuinyima salamu amekwisha kutangaza vita kabla hajaeleza kilichomleta. Kisha aseme jambo lenyewe mapema, bila kulizunguka kwa nusu saa na bila kulihubiri. Anaweza kusema hivi: "Kaka, nimekuja sisi wawili tu, na sijamweleza mtu jambo hili. Nimeona masale ya upande wa mtoni yamehama, na migomba ya mama sasa iko upande wako. Nimeumia. Ningependa kujua kutoka kwako ilikuwaje." Maneno hayo yanataja kitendo, yanakiri maumivu, na yanauliza. Hayasemi "wewe siku zote ni mnyang'anyi", kwa kuwa neno "siku zote" humfanya msikilizaji atafute siku moja ambayo hakuwa hivyo, na mazungumzo yakapotelea huko. Wala yasianze na aya ya Biblia. Aya inayorushwa kwa mtu ambaye bado hajasikilizwa humgeuza mzungumzaji kuwa hakimu, na mwenzake atatafuta aya ya kumrudishia.

Baada ya kuuliza, nyamaza usikie. Methali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla hajasikia, na aya ya 17 ya sura hiyo hiyo inaonya kwamba wa kwanza kujitetea huonekana ana haki mpaka mwenzake aje amchunguze. Yawezekana kaka atasema kwamba mafuriko yaliyabeba masale na akayapanda upya kwa kukadiria. Yawezekana atasema kwamba baba, katika siku zake za mwisho, alimwambia sehemu ile ni yake. Yawezekana pia atasema uongo. Lakini hata katika hali hiyo ya tatu utakuwa umepata jambo ulilolikosa awali, yaani unajua anachokisema yeye mwenyewe badala ya kinachosemwa juu yake. Kabla hujajibu, rudia ulichokisikia kwa maneno yako: "Kama nimekuelewa, kaka, unasema kwamba..." Hasira ya mtu hupungua sana anaposikia hoja yake ikitajwa sawasawa na mpinzani wake.

Je, akikasirika na kukufukuza? Ondoka bila kujibu, na usihesabu kwamba hatua ya kwanza imekwisha. Andiko halisemi uende mara moja tu. Mpe muda apoe, kisha rudi. Paulo anaposema jua lisichwe na uchungu haujawatoka (Waefeso 4:26), anamzungumzia mwenye hasira, kwamba asiifuge. Hasemi kwamba mapatano yote yakamilike kabla ya magharibi. Wapo wanandoa waliokesha wakigombana hadi alfajiri kwa sababu ya kuielewa vibaya aya hiyo, na ingekuwa heri wangelala.

Unapokuwa wewe ndiye uliyekosa

Kanuni ya Mathayo 18 inamtuma aliyekosewa. Lakini Mathayo 5:23-24 inamtuma mkosaji: ukiwa unaleta sadaka madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuketi nyumbani akisema "yeye ndiye aje". Wote wawili wametumwa, na kama wangetii wangekutana njiani.

Liturujia ya Misa iliyoidhinishwa mwaka 1988 kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imelichukulia agizo hilo kwa uzito: toba na kutakiana amani hufanyika baada ya mahubiri na kabla ya kutoa vipaji, si mwanzoni na kabla ya Komunyo kama ilivyo kwingineko. Waumini hupeana mikono kwanza, ndipo sadaka ipelekwe altareni. Naona mpangilio huo una busara kubwa.

Kuomba radhi kuna namna yake. "Kama nilikukwaza, nisamehe" si toba, kwa kuwa neno "kama" linaacha mashaka iwapo kosa lilitendeka. Taja kosa kwa jina lake: "Nilisogeza masale nikijua hukuwepo." Usiongeze sababu katika sentensi hiyo hiyo, sababu zitolewe zikiulizwa. Kisha sema utarudisha nini na lini. Zakayo hakuishia kulia juu ya mkuyu, bali aliahidi mbele ya watu kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Katika uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, watu walioguswa walijulikana kwa jambo hilo hasa: walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakamwendea waliyemsengenya na kumweleza. Majirani ambao hawakuvutiwa na mahubiri waliyaamini marejesho.

Wachagga wanayo desturi ya kale inayofanana na hili, nayo imeendelea kuheshimiwa na Wakristo wao. Aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale kama ishara ya kuomba msamaha, na kwa desturi anayeletewa jani hilo hatakiwi kulikataa. Mmea ule ule unaotenga mashamba ndio unaotumika kuomba amani. Lakini jani lisiwe badala ya maneno wala badala ya kurudisha hatua tatu za watu.

Wawili au watatu

Hatua ya kwanza ikishindwa kweli, wanahitajika mashahidi. Agizo hili lina mizizi katika Kumbukumbu la Torati 19:15, ambapo jambo huthibitika kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na kwa hiyo kazi yao si kukushangilia. Ukichukua rafiki zako wawili wanaokuunga mkono katika kila jambo, umepeleka jeshi. Chagua mtu ambaye mwenzako naye angemchagua: shangazi anayeheshimiwa na pande zote, mwenyekiti wa jumuiya ambaye hana shamba jirani, au mzee mmoja aliyekuwepo baba alipogawa kihamba. Mwombe mwenzako ataje mmoja. Mara nyingi tendo hilo dogo la kumwachia achague hupunguza nusu ya ukali.

Msuluhishi naye ana miiko yake. Asikubali kusimuliwa kisa kirefu na upande mmoja kabla ya kikao, asichukue chochote kwa yeyote, na awape wote muda sawa. Zaidi ya hayo, asiharakishe kusema "yaliyopita si ndwele". Methali hiyo ni nzuri mahali pake, lakini ikitolewa mapema humwambia aliyeumizwa kwamba maumivu yake hayana maana, na yule aliyeumiza hupumua kwa kuwa ameponea. Nabii Yeremia aliwalaumu wanaoliponya jeraha la watu juu juu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani (Yeremia 6:14).

Mkikubaliana, andikeni. Hati ya ukurasa mmoja inatosha: nani wamekubaliana, mpaka unaanzia mti gani kuishia jiwe gani, nani anavuna migomba, tarehe, na sahihi za wote pamoja na mashahidi. Kuandika hakuonyeshi kutoaminiana. Watoto wenu hawakuwepo kikaoni, na wao ndio watakaorithi ama mapatano ama ugomvi.

Kanisa, baraza na polisi

Likifika kwa kanisa, liende kwa wazee au mchungaji kwa utaratibu wa dhehebu lenu, na si kwa kutangazwa mimbarini. Yule asiyelisikiliza hata kanisa, Yesu anasema, awe kwako kama mtu wa Mataifa na mtoza ushuru. Wengi huishika aya hiyo kama kibali cha kutengana milele, wakisahau kwamba Yesu mwenyewe alikula na watoza ushuru na kumwita mmoja wao kuwa mwanafunzi. Ushirika wa meza ya Bwana unaweza kusimamishwa. Wema haukuruhusiwa kusimamishwa.

Je, Mkristo anaweza kwenda mahakamani? Katika 1 Wakorintho 6 Paulo anawafedhehesha waumini wanaoshitakiana juu ya mambo ya maisha haya, akauliza kama hakuna hata mmoja kwao mwenye hekima ya kuamua. Hata hivyo, Paulo huyo huyo alikata rufani kwa Kaisari alipoona haki yake inapotea (Matendo 25:11). Kwa hiyo sheria si haramu. Ni ya mwisho. Na kwa Tanzania, sheria yenyewe imeweka usuluhishi mbele. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi linasuluhisha tu na halitoi hukumu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halilisikilizi shauri ambalo halijapitia usuluhishi huo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, isipokuwa katika mazingira maalumu, hairuhusu shauri la talaka kufunguliwa kabla mgogoro haujafikishwa kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

Hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Kipigo cha mume, ubakaji, na unyanyasaji wa mtoto si "ugomvi" wa kusuluhishwa kwa Mathayo 18. Mwanamke anayepigwa asiambiwe amwendee mumewe wakiwa peke yao, kwa kuwa faragha hiyo ndiyo inayomwangamiza. Mambo hayo ni jinai. Yapelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na mwathirika awekwe mahali salama kwanza. Mchungaji anayeyamaliza ofisini kwa sala na kushikana mikono amemlinda mkosaji.

Kinyongo kinapobaki moyoni

Sasa tuseme umefuata yote na kaka hakukubali. Au amekufa. Kupatana kunahitaji watu wawili, na ndiyo maana Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Kuachilia kinyongo ni upande wako, na hakumngoji mwingine: Marko 11:25 inaagiza msamehe mnaposimama na kusali, na haitaji kwamba mkosaji yupo.

Kuna mambo manne ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakowafanya waogope kusamehe. Kusamehe ni kuacha haki ya kulipiza. Kupatana ni kurudisha uhusiano, nako kunahitaji toba. Kuaminiana tena kunahitaji muda. Na deni, lile la fedha au la ardhi, linaweza kulipwa hata baada ya msamaha. Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakusema hasara isahauliwe, alisema iandikwe juu yake yeye (Filemoni 18). Mdogo anaweza kumsamehe kaka yake kwa moyo wote na bado akadai mpaka urudi mahali pake.

Yusufu anafundisha hili kuliko mahubiri mengi. Aliuzwa yumkini akiwa na miaka 17, alisimama mbele ya Farao akiwa na 30, na alipojitambulisha kwa ndugu zake miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ilikuwa imepita, maana yake ni takriban miaka 22 tangu shimo lile la Dothani. Hakujitambulisha siku ya kwanza. Alimfunga Simeoni, akawaagiza wamlete Benyamini, akaficha kikombe katika gunia, na alipomwona Yuda yuko tayari kuwa mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo alipolia. Hata hivyo, baba yao alipofariki, miaka 17 baada ya kuhamia Misri, ndugu hao bado waliogopa kwamba Yusufu atalipiza (Mwanzo 50:15). Yeye alikuwa amesamehe zamani. Wao walikuwa hawajaamini. Usishangae, basi, ukiona hofu ya mwenzako inadumu kuliko hasira yako.

Petro alipouliza kama mara saba zinatosha, aliambiwa saba mara sabini, kisha akapewa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akamkaba mwenzake aliyewiwa dinari 100. Wahubiri wengi huzidogosha zile dinari 100, wakizifanya kuwa senti. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kwa hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Kwa kibarua anayelipwa shilingi 10,000 leo, ni milioni moja. Ni deni halisi linaloumiza, na Yesu hakusema si kitu. Alichofanya ni kuliweka kando ya lile lingine: talanta moja ilikaribia dinari 6,000, hivyo talanta 10,000 ni ujira wa siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 160,000. Anayetaka kusamehe asianze kwa kujidanganya kwamba hakuumizwa. Aanze kwa kuhesabu kwa usahihi, deni lake na la wenzake, kisha asali Baba Yetu taratibu na asimame pale penye msamaha kabla ya kuendelea.

Kwa vitendo, mtaje mtu huyo kwa jina katika sala, ukimwombea jambo mahususi kama afya au ada ya mwanawe. Mwanzoni maneno yatakuwa makavu, na si unafiki. Moyo huzoea kwa kurudia. Kinyongo kikirudi usiku, usidhani msamaha wa jana ulikuwa wa uongo. Samehe tena lile lile. Ukimsimulia mtu kisa hicho, jiulize unachokitaka ni ushauri au ni mtu wa kuchukia pamoja nawe.

Wala kusamehe si kunyamaza mbele ya uovu. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alilazimika kukimbilia Rwanda kwa miguu pamoja na mkewe mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Ugenini alitangaza kwamba amemsamehe Amin na kwamba anampenda, na wakati huo huo akaendelea kuueleza ulimwengu juu ya mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda. Hakuona mgongano kati ya hayo mawili, na haupo.

Mkishapatana

Msijilazimishe kuwa kama zamani. Paulo na Barnaba walishindana vikali juu ya Yohana Marko hata wakatengana, kila mmoja akashika njia yake (Matendo 15:39). Miaka baadaye Paulo anamtaka Timotheo amlete Marko kwa kuwa anamfaa katika huduma (2 Timotheo 4:11). Abramu na Lutu walipatana kwa kugawana malisho. Ndugu wawili wanaweza kuhitaji mpaka ulio wazi zaidi, na salamu za kawaida, kabla ya kula mezani pamoja.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni wale uliowasimulia. Kama ulimweleza mkeo, dada zako na wana kwaya watatu kwamba kaka ni mnyang'anyi, umepatana wewe na kaka, wao hawajapatana. Rudi kwa kila mmoja, kwa sauti ile ile uliyotumia kulalamika, uwaambie limekwisha na limekwishaje. Katika mfano wetu, hilo lifanyike kabla ya Desemba, wakati wote wanaporudi nyumbani: masale yapandwe upya mbele ya wale mashahidi, wake na watoto wakubwa wa nyumba zote mbili wasomewe ile hati, kila ndugu abaki na nakala yake, na ya tatu itunzwe na aliyewasuluhisha.